Vipuri vya Kompyuta na Fedha ya Mnyonge

Kuna ushauri mmoja unaozunguka katika miji yetu ya Mbeya na Iringa, na kwa kuwa unatolewa na watu wenye nia njema, unasikilizwa. Mzazi akitaka kumpatia mwanawe kompyuta ya mezani, au mkuu wa shule akitaka kuanzisha chumba cha kompyuta kwa fedha kidogo, huambiwa hivi: tafuta prosesa yenye jina kubwa, tafuta diski yenye namba kubwa, tafuta kioo kipana, kisha vitu vingine vyote chukua vya bei ya chini kabisa, maana havionekani. Mimi nasema ushauri huu ni mbovu. Nasema zaidi: ushauri huu ndio unaomla mnyonge fedha yake. Katika nyanda zetu hizi za juu, mtu mwenye fedha kidogo hana budi kuufuata kinyume chake. Aanze na kile kisichoonekana, amalizie na kile kinachosifiwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimepata kuwa mkuu wa shule, nimefundisha katika chuo cha ualimu, na sasa nimevuka miaka sabini. Huenda msomaji akauliza mzee wa chaki ana lipi la kusema juu ya vipuri vya kompyuta. Ninalo. Kazi ya ukuu wa shule, ukiondoa hotuba za mahafali, ni kununua vitu kwa fedha za watu wengine: madawati, mabati, unga, maharage, chaki. Fedha ya mzazi wa Uyole aliyeuza viazi, au ya mzazi wa Mufindi aliyechuma chai ya watu, si fedha ya kufanyia majaribio. Inataka mnunuzi anayejua anachokinunua.

Taifa letu lina somo la zamani katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hazikupita hata siku nyingi, tukawa na mashine za gharama kubwa zilizotegemea wataalamu wa kutoka nje, na faida yake haikulingana na gharama. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali. Vijana wa leo wakisikia habari hiyo hucheka. Mimi sicheki. Naona kwamba mashine zilinunuliwa kabla ya kuwapo watu wetu wa kuzifungua na kuzitengeneza. Na badala ya kuwatafuta watu hao, tulifunga mlango. Marufuku ililegezwa baadaye. Mwaka 2003 tukapata Sera ya Taifa ya TEHAMA. Mwaka 2005, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza, kompyuta ziliwekwa katika kundi la bidhaa zenye ushuru wa forodha wa asilimia sifuri. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Mlango uko wazi, basi. Lakini lile kosa la zamani bado tunalo: tunanunua kwanza, halafu ndipo tunauliza kilichomo ndani.

Ushahidi wa kosa hilo umo hata katika maneno yetu. Nenda Mwanjelwa au Uhindini, uliza bei ya “CPU”. Utaonyeshwa kasha zima la chuma. Hakuna atakayeshangaa, kwa sababu karibu sote tumezoea kuliita kasha lote kwa jina la kidude kimoja kilichomo ndani yake, kisichozidi ukubwa wa kipande cha biskuti. Ni sawa na kuiita nyumba nzima “bawaba”. Mtu asiyejua kwamba ndani ya kasha mna vitu vingi, na kwamba kila kimoja kina bei yake, umri wake na ugonjwa wake, mtu huyo hachagui. Anachaguliwa.

Tuvihesabu basi, maana havizidi vidole vya mikono miwili. Kuna pawasaplai, inayopokea umeme wa ukutani. Kuna ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, unaounganisha vyote. Juu ya ubao huo hukaa prosesa, ambayo ndiyo CPU ya kweli, pamoja na feni yake. Kuna memori, yaani RAM, inayoshika kazi unayoifanya sasa hivi. Kuna diski, inayotunza kazi hata umeme ukizimwa. Kuna kasha lenyewe. Nje yake kuna kioo, kibodi na mausi. Hiyo ndiyo kompyuta ya mezani, na uzuri wake mkubwa kwa mtu wa kipato kidogo ni huu: kikifa kimoja, unakitoa hicho kimoja na kukiweka kingine. Laptopu nyingi za siku hizi, hasa zile nyembamba, memori yake imechomelewa kwenye ubao. Ikifa, ubao wote umekufa.

Sasa nieleze utaratibu wangu wa kununua, na sababu zake.

Cha kwanza ni umeme. Pawasaplai hupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, ambao ndio chakula cha vipuri vyote. Kwa hiyo pawasaplai ndiyo jiko la nyumba. Mpishi akitia sumu kwenye chungu, hafi mtoto mmoja. Pawasaplai mbovu inapokufa vibaya, huweza kupeleka volti kubwa kwenye ubao na kwenye diski, na kwa dakika moja ukapoteza vyote ulivyovinunua kwa mwaka mzima wa kudunduliza. Na hiki ndicho kipuri ambacho ule ushauri niliousema hapo juu unakiita kitu cha kubana bei!

Historia ya umeme wetu inanipa haki ya kusema hivi. Maji ya Ruaha Mkuu, yanayokusanyika katika bonde la Usangu, ndiyo yanayojaza bwawa la Mtera na kushuka hadi Kidatu. Mtera ni megawati 80, Kidatu ni megawati 204. Kihansi, iliyoanza kuzalisha karibu na mwaka 2000, ni megawati 180. Hata hivyo, sisi tunaoishi karibu na maji hayo tulikaa gizani pamoja na wenzetu katika migao ya miaka ya 1990, ya mwaka 2006 na ya mwaka 2011. Mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililojengwa kutoa megawati 2,115, lilianza kuzalisha, nasi tukashukuru. Lakini wingi wa megawati Rufiji ni jambo moja, na unyofu wa umeme katika soketi ya shule iliyo mwisho wa laini ni jambo jingine. Umeme unaorudi baada ya kukatika huja na kishindo. Masika nayo yana radi zake, kama kila mkazi wa Rungwe ajuavyo. Vishindo hivyo vyote hupiga hodi kwanza kwenye pawasaplai.

Mnunuzi afanye nini? Kwanza, asiamini namba iliyobandikwa. Wati 500 zinaweza kuandikwa kwenye boksi lolote na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa karatasi. Kompyuta ya kuandikia barua, kutengeneza mitihani na kufundishia haihitaji wati 500 hata kidogo; ikifanya kazi za kawaida, mara nyingi haivuki wati 60 au 70, kioo kando. Pawasaplai ya kweli ya wati 250 au 300 ni bora kuliko ya uongo ya wati 500. Pili, aipime kwa mkono. Pawasaplai za uongo aghalabu ni nyepesi, kwa sababu waliozitengeneza wamepunguza shaba, wamepunguza vyuma vya kupozea, na wameacha vile vipuri vidogo vya kuchuja umeme. Mkulima wetu ambaye kwa miaka amelalamikia lumbesa anajua vizuri mnunuzi anavyojaza gunia kupita kipimo. Hapa ni lumbesa iliyogeuzwa: namba imejazwa, gunia ni tupu. Tatu, pawasaplai ndicho kipuri cha kutokununua mtumba kikiwa peke yake bila kujua kilikotoka. Ndani yake mna kapasita, ambazo huzeeka kwa joto na kwa miaka. Ukiona kifuniko cha kapasita kimevimba, au kinatoa ute, usisikilize maneno, rudisha.

Baada ya pawasaplai, fedha iende kwenye UPS ya kawaida, hata kama ni ndogo, ili kazi isipotee umeme ukikatika na ili kishindo kipate kizuizi. Uliza umri wa betri yake, kwa maana betri hizo za risasi hudumu miaka mitatu hadi mitano tu, na UPS yenye betri iliyokufa ni boksi la kupamba meza. Hakikisha soketi ina waya wa ethi unaofika ardhini kweli, si tundu la tatu la kuigiza. Na kinga iliyo bora kuliko zote haiuzwi: wingu likinguruma, chomoa plagi. Stabilaiza husaidia umeme ukiwa dhaifu, lakini haizuii radi.

Cha pili ni diski. Hapa mnyonge hudanganywa kwa ukubwa. Huonyeshwa diski ya zamani ya gigabaiti 500 au ya terabaiti nzima, akaiona kuwa ni mali kuliko SSD ya gigabaiti 240. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaotembea juu yake, mfano wa sindano ya gramafoni. Kila faili inapotakiwa, mkono lazima uende ukaitafute. SSD haina kitu kinachotembea. Kompyuta ya mwaka 2012 ikiwekewa SSD huamka upesi kiasi kwamba mwenyewe huiona kama mashine nyingine, wakati prosesa ni ile ile na memori ni ile ile. Na mwalimu anahitaji nafasi kiasi gani? Mitihani ya miaka thelathini, kama yote ingekuwa imepigwa chapa ndani ya mashine, isingejaza hata sehemu ndogo ya gigabaiti 240. Diski yenye sahani, tena ya mtumba, iliyokwisha kuzunguka kwa miaka minane katika ofisi ya watu huko Ulaya, ni mzee mwenzangu. Mpe heshima, usimpe mzigo. Ila tahadhari moja: zipo SSD na flashi za bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa ambayo hazina. Ukiona terabaiti inauzwa kwa bei ya soda na chapati, wewe jua. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Cha tatu ni memori. Kwa kazi za shule na nyumbani, gigabaiti 8 zinatosha, na gigabaiti 4 ni za kuvumilia. Jambo la kujua ni kwamba kuna vizazi: DDR3, DDR4, DDR5, na kijiti cha kizazi kimoja hakiingii katika ubao wa kizazi kingine, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali tofauti. Anayenunua memori kabla ya kujua ubao wake amenunua ufunguo kabla ya kufuli. Tena tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zimepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vikubwa vinaelekeza chipu zao kwenye mashine za akili mnemba. Kwa hiyo vijiti vinavyokuja ndani ya kasha la mtumba usivitupe, wala usimwachie fundi “akusaidie kuvitupa”. Na mashine inayogoma kuwaka, mara nyingine dawa yake ni kutoa kijiti cha memori, kusugua meno yake taratibu kwa raba ya kufutia penseli, na kukirudisha. Raba kila shule inayo.

Cha nne, na cha mwisho katika hesabu yangu, ni hicho kinachotangulizwa na kila mwuzaji: prosesa. Jina lake halitoshi. Watu husema “i7” kwa sauti ile ile ambayo zamani walisema “Peugeot”. Lakini i7 za kizazi cha kwanza zilitoka mwaka 2008, na i3 za kizazi cha nane zilitoka mwaka 2017. Hiyo i3 ya kizazi cha nane ya mezani, ambayo jina lake ni dogo, hufanya kazi haraka kuliko ile i7 ya kwanza na hula umeme mdogo kwa mbali. Uliza kizazi kabla ya kuuliza jina. Isitoshe, prosesa ndicho kipuri kinachofaa kununuliwa mtumba kuliko vyote, kwa sababu hakina kinachotembea wala kinachokauka. Ikitunzwa isipate joto kali, huishi kuliko ubao unaoibeba. Ona basi jinsi ule ushauri ulivyo kichwa chini: unatutuma tutoe fedha nyingi kwenye kipuri kisichokufa, na tubane kwenye kipuri kinachoua wengine.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta za zamani zimekwisha kupitwa, maana Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitaki rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Ni kweli. Na kwa sababu hiyo hiyo ofisi za nchi tajiri zinatupa mashine nzima nzima zisizo na ugonjwa wowote. Hasara ya mwenzio si lazima iwe hasara yako. Mashine hizo huendeshwa vizuri na Linux, ambayo hulipii leseni. Wala isisemwe kwamba programu huria ni kitu cha wageni: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kutoka menyu hadi maelekezo. Tulikuwa na kitu chetu, na tukakisahau kwa kukimbilia nakala za wizi za programu za watu.

Kuhusu ubao na kasha, ninalo onyo moja. Njia ya bei nafuu kwetu ni kuanza na mwili wa kompyuta ya ofisi ya mtumba, kisha kuuwekea SSD na kuukagulia umeme. Lakini baadhi ya kampuni kubwa, Dell na HP zikiwamo, katika mashine zao nyingi za ofisi hutumia pawasaplai zenye umbo na plagi za peke yake. Pawasaplai ya kawaida haiingii humo. Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua kifuniko, tazama plagi inayoingia kwenye ubao, na uulize kama pawasaplai ya aina hiyo inapatikana mjini au ni mpaka iagizwe Kariakoo na kupakiwa kwenye basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500, hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Kipuri kinachopatikana umbali huo tu si rahisi, hata kama bei yake ni ndogo. Ukiweza, chagua kasha kubwa la kusimama. Yale membamba yanapendeza mezani lakini hayana nafasi ya kukupa uhuru.

Wala usinunue mafeni manne na mataa ya rangi. Mbeya iko juu ya bahari kwa mita kama 1,700, na Iringa mita kama 1,600. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na hewa nyepesi hupoza kwa udhaifu kidogo; lakini baridi yetu hulipa deni hilo. Adui wa mashine za huku wakati wa kiangazi ni vumbi, na dawa yake ni brashi laini kila mwisho wa muhula. Na kabla ya kutangaza kwamba mashine imekufa kwa kuwa inasahau tarehe na kugoma kuendelea inapowashwa, tazama betri ndogo ya mviringo kwenye ubao, CR2032. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote, na si ajabu mtu akauziwa ubao mzima kwa ajili yake.

Nitoe mgawanyo, ili nisilaumiwe kwamba nahubiri bila hesabu. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo nagawa mafungu. Katika kila shilingi kumi, tatu ziende kwenye umeme, yaani pawasaplai na UPS. Tatu ziende kwenye mwili wa mtumba, yaani ubao, prosesa, kasha na memori iliyokuja nayo. Mbili ziende kwenye SSD na nyongeza ya memori. Moja na nusu kioo, nacho cha mtumba kinafaa. Nusu iliyobaki ni ya kibodi, mausi na ile betri. Mwenye shilingi 600,000, basi, atenge 180,000 kwa umeme, 180,000 kwa mwili, 120,000 kwa diski na memori, 90,000 kwa kioo, na 30,000 kwa mengine. Mwuzaji atakayeona mgawanyo huu atasema mzee huyu hajui mambo, ameweka fedha nyingi kwenye kitu ambacho mtoto hatakiona. Sawa. Hata msingi wa nyumba mtoto haoni.

Sasa nijibu hoja za wanaonipinga, maana wengine wana akili. Husema laptopu ina betri, hivyo umeme ukikatika kazi inaendelea. Hoja hii ni ya kweli, nami siikatai. Kwa mtu anayesafiri, au kijiji kisicho na umeme wa uhakika, laptopu ina haki yake. Lakini kwa chumba cha shule na meza ya nyumbani, betri hiyo huchoka baada ya miaka michache, na mashine huwa ya kufungwa kwenye soketi kama ya mezani, ila sasa haitengenezeki kwa urahisi. Wengine husema simu inatosha. Simu inatosha kusoma na kusikiliza. Mpe mwanachuo simu aandike andalio la somo la wiki nzima na jedwali la alama za wanafunzi mia na ishirini, halafu uniletee majibu. Wengine husema mambo ya ndani tumwachie fundi. Nawaheshimu mafundi wetu. Wengi ni waaminifu, na wanafanya kazi kwa bisibisi moja na taa ya simu. Lakini fundi mwaminifu haogopi mteja anayejua. Anayemwogopa ni yule mwingine.

Nimeona chumba cha kompyuta katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mashine ishirini, zimefunikwa vitambaa vya kutarizi kama makochi ya sebuleni. Mvua za Machi zilipiga, nyingi zikazimika siku moja. Zilikuwa na karatasi ya muhuri kwenye kasha: ikichanika, dhamana imekwisha. Hakuna aliyethubutu kugusa. Ikaandikwa barua, ikangojwa, ikaandikwa nyingine. Dhamana yenyewe ikaisha muda wake mezani, muhuri ukiwa mzima. Fundi aliporuhusiwa hatimaye kufungua, mashine nyingi alizozikagua zilikuwa zimekufa pawasaplai tu. Vilivyobaki ndani vilikuwa vizima. Katika muda huo wote walimu watarajiwa walijifunza kibodi kwa mchoro wa chaki ubaoni, wakahitimu, wakaenda shuleni kufundisha watoto kitu ambacho wao wenyewe hawakupata kukigusa. Hasara ya chuo kile haikuwa pawasaplai. Ilikuwa ni kundi zima la walimu, na watoto walio nyuma yao.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Mwaka 1967 tuliambiwa elimu iwe ya kujitegemea, na sisi walimu tukaitafsiri kuwa jembe na shamba la shule. Jembe lilikuwa sahihi kwa wakati ule na bado ni sahihi. Lakini mwanachuo anayeweza kufungua kasha, akataja vipuri vyake, akapima pawasaplai, akabadili diski na kuiwasha mashine tena, huyo naye anajitegemea. Nasema vyuo vya ualimu visinunue mashine ishirini zilizofungwa. Vinunue kumi na nane, na fedha ya mbili zilizobaki iwe vipuri kwenye kabati: pawasaplai, diski, vijiti vya memori, betri ndogo. Kila mwanachuo, kabla ya kupewa cheti, afungue mashine moja hadi mwisho na kuirudisha ikiwa inawaka. Wakuu wa shule wasisaini hati ya kupokea mashine ambayo vifuniko havijafunguliwa mbele yao. Na mzazi asione haya kusimama dukani na kusema, “Fungua, mwanangu, nione ndani.” Duka likikataa, mji una duka jingine.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wetu ni huu wa kununua kwa macho. Unazibwa kwa saa chache za kujifunza na bisibisi moja ya nyota. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapokwenda na fedha yako ya viazi, ya chai au ya kiinua mgongo, na mwuzaji akakuuliza unataka prosesa gani, mwambie hilo mtalizungumza baadaye. Kwanza akupe pawasaplai uishike mkononi.